Santuri Iliyoanikwa Juani

Jumapili iliyopita asubuhi, kabla sijaenda kuziaga nyumba zetu za zamani, mjukuu wangu alinisomea kwenye simu orodha ya nyimbo ambazo wajuzi wanasema ndizo soul yenyewe, ule muziki wa Wamarekani weusi, soul ya zamani, soul ya kweli. Alisoma kwa sauti ya mtu anayemfanyia bibi kizee hisani. Kila alipomaliza jina la mwimbaji aliniuliza, "Huyu unamjua, shosh?" nami nikaitikia kwa kichwa huku nikipiga pasi leso yangu. Waimbaji wale niliwajua karibu wote, ila si kwa majina hayo.

Nitakwambia ukweli, maana wewe na mimi tumetoka mbali. Nilishikwa na wivu. Nani huyo aliyeketi mahali, katika nchi gani sijui, akaandika orodha ya soul bila kupita nyuma ya Jogoo Road kutuuliza sisi? Na ule wimbo ulioshinda nyimbo zote haumo. Hauwezi kuwamo, kwa sababu ulivyosikika kwetu haukusikika kwingine kokote duniani, na mkono wangu ulihusika. Mkono huo sijawahi kuujivunia. Au labda nimejivunia kidogo, kisirisiri. Tutafika.

Esteti yetu ilikuwa Makadara, Eastlands ya Nairobi, nyumba za mawe zilizopangwa mistari, chumba na jikoni, bomba moja la maji kwa mstari mzima. Siku za kazi tuliamshwa na king'ora cha viwandani, na baba zetu walipita kwa miguu kwa mamia, viatu vikisaga kokoto. Jumapili king'ora kilinyamaza. Ukitoka kanisani ulikuta ua umejaa harufu ya nyama, maana Jumapili hata nyumba ya maskini ilikula nyama, na harufu ya ile rangi nyekundu ya kupaka sakafu, na moshi wa majiko ya makaa. Akina mama walikaa nje na masinia ya mchele wakichagua mawe. Halafu, mnamo saa tisa, dirisha la jirani yetu lilifunguliwa, na kila mtu akajua.

Jirani alikuwa fundi wa chuma katika karakana ya reli. Alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye mikono iliyoingia oili hadi ndani ya kucha, na ambaye hakuwa na anasa nyingine duniani isipokuwa gramafoni. Hakunywa, hakuvuta sigara. Alinunua santuri moja moja kutoka dukani mjini, na kati ya zote alizokuwa nazo, zile za Wamarekani weusi alizitenga kwenye sanduku lake, akazifunika kwa kitambaa kilichodariziwa na marehemu mkewe. Mkewe alifariki tukiwa darasa la pili, mimi na binti yake. Alimwachia binti huyo mmoja tu.

Binti huyo alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Pia alikuwa mtu niliyemwonea wivu kuliko binadamu yeyote, na sikuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Baba yake alijaribu kumsuka nywele mwenyewe, kwa mikono ile ya karakana, na matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha. Kwa hiyo kila Jumamosi mama yangu alimwita, akamkalisha chini katikati ya magoti yake, akafumua kazi ya fundi na kumsuka upya, polepole, akimpaka mafuta. Mimi nilisukwa haraka haraka baadaye, chakula kikiwa motoni. Hata hilo nilimhesabia.

Sasa, waimbaji. Kiingereza chetu wakati huo kilikuwa cha "good morning teacher," kwa hiyo tuliwapa majina kwa masikio. Kulikuwa na Mzee Kikohozi, ambaye kila wimbo aliuanza kwa kusafisha koo, kana kwamba amesimamishwa mbele ya korti ya Makadara na hajui aanzie wapi kujitetea. Kulikuwa na Wale Wanne, wanaume waliopokezana maneno kama watu wanaobeba kabati ngazini, mmoja akichoka mwenzake anashika. Kulikuwa na Bwana Taratibu, aliyenong'ona mpaka ukasogea karibu, na ukishasogea ndipo anapiga ukelele. Na juu ya wote alikuwa Mama Kwaya. Mama Kwaya aliimba kama mtu anayegombana na Mungu lakini hataki Mungu aondoke. Nyuma yake kulikuwa na kinanda cha kanisani, tarumbeta zilizomjibu kwa mkato, na wanawake watatu waliomwitikia. Alifika mahali akaacha maneno kabisa, akabaki na "ooo" peke yake, na hapo ndipo wanaume wetu, watu wazima waliotoka kubeba magunia wiki nzima, walipoangalia chini.

Mama yangu, aliyekuja Nairobi kutoka Kakamega bila neno la Kiingereza, alipomsikia mara ya kwanza aliacha kuchagua mchele akauliza, "Huyu mama amefiwa na nani?"

Jirani alicheka kwa furaha. Akasema huyo ndiye mtu wa kwanza katika mstari wetu kuelewa soul. Alikuwa na msemo wake, na aliurudia mpaka tukaukariri kama amri za Mungu: anayeimba vizuri hupigiwa makofi, anayeimba kwa roho huitikiwa. Ukitaka kujua kama huu ni muziki wa kweli, alisema, usisikilize gramafoni. Sikiliza walioketi barazani. Ukisikia mtu ametoa "mmh" bila kujua, basi umepata.

Lakini kabla ya kusikiliza kulikuwa na kazi, na kazi hiyo haikufanywa na mtu mwingine Nairobi nzima isipokuwa sisi. Santuri zilioshwa. Vumbi la Eastlands unalijua, linaingia hata kwenye yai. Basi kila Jumapili baada ya chakula tulichota maji ya uvuguvugu kwenye beseni, tukatia sabuni kidogo sana, tukazisugua santuri kwa pamba, tukizungusha kwa kufuata mistari yake, huku vidole vimeshika pale katikati ili karatasi yake isilowe. Kisha tukazisimamisha kwenye kichanja cha vyombo, upande wa kivuli, zikauke. Jirani alisisitiza kivuli kuliko alivyosisitiza sala. Santuri ni kama siagi, alituambia, jua halina urafiki nayo.

Binti yake aliosha, mimi nilisuuza na kuanika. Zikishakauka, yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuweka sindano. Alivuta pumzi, akashusha ule mkono wa gramafoni kwa vidole viwili, na ule mkwaruzo wa kwanza kabla ya muziki ukatoka kana kwamba ameutoa yeye. Kila mtu alimtazama. Mimi nilishika taulo.

Usidhani sikuwa na changu. Nilikuwa na kichwa. Nyimbo zote nilizishika kwa moyo, kila pumzi, kila tarumbeta, nikaziandika kwenye daftari la hesabu kwa tahajia yangu mwenyewe. Mama Kwaya nilimjua mpaka pale anapomeza mate. Mwalimu wetu wa muziki alisema nina sikio la ajabu, na mimi nikaamini kwamba mwenye sikio ndiye mwenye wimbo.

Ndiyo maana Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, umeme ulipokatika katikati ya Mama Kwaya na baraza nzima ikaguna, mimi ndiye niliyesimama. Nikasema ninaweza kuumalizia. Jirani akafurahi, akasema sawa, tuimbe wote wawili, mmoja baada ya mwingine, tuone. Nikaimba. Nakuapia niliimba bila kosa. Maneno yote yalikuwa mahali pake, sauti ilipanda na kushuka palipotakiwa. Nilipomaliza nilipigiwa makofi mazuri, na mzee mmoja wa nyumba ya mwisho akanipa peremende.

Kisha akasimama yeye. Alikosea maneno tangu mstari wa kwanza. Mengine aliyasahau akaweka ya Kikuyu, mengine akaweka "nana nana". Nikawa nacheka moyoni. Lakini alipofika mahali pa "ooo" alifumba macho, na mtu fulani nyuma akasema "mmh." Mwingine akaitikia. Halafu nikasikia sinia likiwekwa chini. Nikageuka, nikamwona mama yangu, mama yangu mzazi aliyenizaa kwa uchungu wake, anafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Huyu mtoto amefiwa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo.

Akamwita, akamkumbatia mbele ya mstari mzima. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na peremende mkononi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilinila wiki nzima. Sikuweza kula githeri, sikuweza kumtazama mama. Usiniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua kabisa ninachofanya. Jumapili iliyofuata tulipoosha, niliziweka zote kivulini isipokuwa moja. Mama Kwaya nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamlaza juu ya bati la kibanda cha kuku, jua la utosi likiwa linawaka. Nikasimama nikimtazama. Haikuchukua muda mrefu. Ukingo mmoja ulianza kuinuka taratibu, kama chapati inapoanza kushika moto. Nikamrudisha kwenye kichanja.

Jirani alipoitoa hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akaketi kwenye kiti kidogo. Akauliza nani aliiacha juani. Nilifungua mdomo nikiwa sijui utatoka uongo gani, lakini binti yake akaniwahi.

"Ni mimi, baba. Nilisahau."

Nikadhani amechanganyikiwa na kweli anaamini ni yeye. Nikamshukuru Mungu kwa ujinga wake. Baba yake akamwadhibu kwa adhabu pekee aliyokuwa nayo: akamwondoa kwenye sindano mpaka shule zifungwe. Na sindano, rafiki yangu, akanikabidhi mimi.

Nilikuwa nimeipata. Watu wakanitazama mimi sasa. Jirani aliibana ile santuri katikati ya vioo viwili na kuiwekea matofali juu siku kadhaa, lakini la kuvunda halina ubani, ilinyooka nusu. Hakukubali kuitupa. Alibandika sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke, akaniambia niweke. Nikaweka. Mama Kwaya akatoka akiwa anayumba. Kila santuri ilipozunguka, sauti yake ilipanda kidogo ikashuka, ikapanda ikashuka, kama mtu anayeimba huku akitikiswa mabega na kilio. Nilitamani ardhi inimeze. Jumapili baada ya Jumapili, mkono wangu uleule ulioiharibu ndio ulioishusha sindano juu yake, na watu, hutaamini, wakaupenda wimbo kuliko mwanzo. Mama alisema sasa ndiyo unasikia kabisa kwamba amefiwa.

Na yule mwenzangu, akiwa ameketi barazani bila kazi, aliisikiliza vile. Akajifunza vile. Alipoanza kuimba kanisani, sauti yake ilipanda na kushuka katika noti moja, mzunguko uleule wa santuri iliyopinda. Mwalimu wa kwaya alijaribu kumnyoosha akashindwa. Baadaye aliimba kwenye harusi, kisha na bendi ya hotelini mjini, kisha akarudi kanisani. Popote alipoimba watu waliuliza sauti ile aliitoa wapi. Watoto wa Dandora wenye studio zao walimfuata nyumbani wakamwomba awatilie "ooo" moja katikati ya mistari yao ya kufoka. Nilisikia kwenye redio, nikazima redio. Mimi niliimba sauti ya pili katika kwaya yetu miaka thelathini, bila kosa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwitikia hata mara moja. Mdomo niliufunga kwa nguvu. Wengine walisema "mmh", mimi nilikohoa.

Basi Jumapili iliyopita tukakutana kuziaga nyumba. Zinabomolewa zijengwe ghorofa. Mistari miwili tayari imelala chini, na mahali pa bomba letu pamesimama tingatinga la njano. Waliohamia Kayole, waliohamia Umoja, waliorudi mashambani, tulikuja na chapati zetu na sufuria zetu, tukaketi kwenye baraza ya jirani, ambaye ametangulia mbele ya haki siku nyingi, kama mama yangu. Mjukuu wangu alikuja nami. Mwenzangu alikuja na fimbo. Magoti yamekwisha, lakini tulipomwomba aimbe hakukataa.

Aliimba ule wimbo wa Mama Kwaya, na maneno bado anayakosea. Ilipofika ile "ooo", ikapanda, ikashuka, ikazunguka kama siku zile, nikaona beseni, nikaona kichanja, nikaona leso ya mama. Na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukasema "mmh." Kwa sauti. Aligeuka akanitazama akiwa bado anaimba.

Alipomaliza, kijana mmoja aliyekuwa anarekodi kwa simu akasogea. "Shosh, hiyo sauti si ni moto! Hiyo kuyumbisha ulifunzwa na nani?"

"Sikufunzwa na mtu," akasema. "Baba alikuwa na santuri. Nilisahau kuitoa kwa jua, ikapinda. Nikaisikiza hivyo ikiwa imepinda mpaka nikajua wimbo ndio unaenda hivyo."

Nikimwambia ukweli sasa, nitakuwa naungama au nitakuwa nadai fungu langu? Maana ukweli ni kwamba nilitaka vyote viwili. Nilitaka kusamehewa, na nilitaka yule kijana ajue kwamba sauti ile ilianzia kwenye mkono wangu. Wivu hauna aibu hata uzeeni. Nilingoja kijana aondoke, nikijilazimisha kuchagua moja, kisha nikamwinamia sikioni.

"Hukusahau. Mimi ndiye niliianika kwa bati."

Hakuacha hata kutafuna chapati. "Si najua. Nilikuwa hapo kwa dirisha la jikoni nakuangalia."

"Ukanyamaza? Maisha haya yote?"

"Sasa ningesema, baba angekufukuza hapa kwa baraza. Wewe ukifukuzwa, mamako pia hangekuja tena. Na Jumamosi nani angenisuka?" Akapangusa mikono kwenye sketi. "Wewe ulikuwa unaona tu sindano. Mimi nilikuwa naona mama. Nilikuwa nakuonea wivu wewe, wacha tu. Nikikaa pale kwa magoti yake nilikuwa namwomba Mungu nywele zangu ziwe ndefu, ndio asimalize haraka. Ile siku alilia nikiimba, nilisema afadhali nisahau maneno yote lakini nisinyamaze."

Tuliketi bega kwa bega tukilitazama lile tingatinga. Jumatatu lingekuja kwenye mstari wetu, na dirisha lile lingeanguka, na ukuta ulioegemewa na kichanja cha vyombo, na mahali ambapo kibanda cha kuku kilikuwa. Gramafoni iliuzwa zamani. Santuri zilikwenda na mafuriko ya mvua fulani, Mzee Kikohozi na Wale Wanne na Bwana Taratibu, wote. Hakuna tena saa tisa ya Jumapili ambayo mstari mzima unasikiliza kitu kimoja. Kila mtoto ana masikio yake yaliyozibwa kwa nyaya zake. Wa kuitikia wamekufa.

Njiani kurudi mjukuu wangu aliniuliza kama yule rafiki yangu ndiye aliyekuwa anaimba vizuri kuliko wote hapo mtaani. Nikamjibu hapana, aliyekuwa anaimba vizuri ni mimi, muulize yeyote. Kisha nikahesabu tena vitu vyote nilivyomwonea wivu tangu utotoni, sauti yake, sindano yake, machozi ya mama yangu, na nikaona kimoja ambacho sikuwahi kukihesabu. Hata kwa wivu alinizidi. Wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, na haukuharibu kitu.